Ua la Tisa

9 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako imesafiri siku kumi na nane na imefika kwangu imechoka kuliko mimi. Ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi lazima niyabembeleze kabla ya kuinama. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Ile simu uliyoninunulia nikiiweka sikioni nasikia nzi aliyefungiwa chupani, kwa hiyo usinisumbue nayo, andika. Mwalimu, jirani yangu, bado hatusemeshani. Huu ni mwaka wa sita tangu asogeze nguzo ya uzio hatua mbili ndani ya bustani yangu, na mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini hawezi kuniambia kwamba alikosea kupima. Hekaluni bado napeleka makoja matatu ya maua kila asubuhi. Kuhani anasema vidole vyangu vinatunga haraka kuliko midomo yake inavyoomba.

Haya. Nimejifanya nina habari nyingi ili nisifike kwenye yako.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa, nikaisoma tena. Ugonjwa wa damu, kwa mtoto wa miaka tisa! Chiriku wetu, ambaye jina hilo nilimpa mimi kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza tangu siku hiyo. Unaniambia sasa amenyamaza. Hilo limeniuma kuliko jina la ugonjwa wenyewe.

Sina dawa, nina bustani. Nimeweka nadhiri kwa Devi, Mama wa wote: siku arobaini na nane, kila alfajiri kabla jua halijachomoza, maua tisa mekundu ya haibiskasi. Masharti unayajua, umekua ukinishikia kikapu. Yatoke kwenye bustani yangu, niyachume kwa mkono wangu, nisiyanuse, nisiokote lililoanguka, nisiguse la mtu bila kumwomba. Mama yangu, ambaye ni bibi yako, alikuwa akisema ua la wizi hufika kwa Mungu likiwa limegeuza uso. Nitaanza tarehe 15 mwezi huu na kumaliza tarehe 3 Machi. Nina vichaka vinne vilivyonawiri. Maua tisa si kazi.

Sehemu hii msomee Chiriku. Mjukuu wangu, hapo zamani miungu wawili, Brahma na Vishnu, waligombana nani mkubwa. Katikati ya ugomvi wao ikasimama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu akachimba kwenda chini atafute shina lake, akarudi na udongo puani, akakiri kwamba hakuliona. Brahma akaruka kwenda juu miaka na miaka, naye hakuona ncha. Njiani akakutana na ua la mkadi, lile ambalo wazee wetu huliita ketaki, linaanguka kutoka huko juu. Akaliambia, “Twende ukanishuhudie kwamba nilifika kileleni.” Ketaki likakubali. Kumbe ile nguzo ilikuwa mungu Shiva mwenyewe, mkubwa kuliko wote wawili! Akatokeza, akaliambia, “Harufu yako nzuri, ulimi wako mbaya. Mbele yangu usiletwe tena.” Mpaka leo mkadi ninao kule nyuma ya bafu, unanukia mtaa mzima, na mbele ya Shiva hauwekwi. Nini maoni yako, Chiriku? Nijibu.

Kwenye bahasha kuna mbegu za tulasi, mrehani wetu mtakatifu. Apande mwenyewe, kwenye kopo, dirishani penye jua. Asizifukie, azinyunyizie udongo juu kama mtu anayetia chumvi.

Shangazi yako


30 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua imefika na mbegu hazikumwagika. Sisi tupo. Mke wangu amehamia zamu ya asubuhi ili mchana akae hospitali, nami nakwenda jioni nikitoka kazini. Kazi ni ile ile, meno bandia. Wiki hii kuna mzee amenirudishia seti yake mara mbili, analalamika kwamba meno niliyomtengenezea yanacheka hata yeye akiwa amenuna. Nimemwambia hiyo ni hisani, hakuniomba lakini nimemfanyia.

Chiriku dawa zinamchosha. Nywele zimekwisha. Anasema sasa anafanana na mimi. Nilipomsomea habari ya ketaki alifumba macho, nikadhani amelala, kumbe anafikiri. Kisha akauliza, “Lilikuwa linaanguka tangu lini?”  Amesema jibu lako atakuandikia mwenyewe akishamaliza kulichunguza jambo hili.

Tulasi amepanda kwenye kopo la maziwa. Siku ya tano ikachomoza. Anaipima kila siku kwa rula yangu ya chuma, ile ya kupimia taya za watu, na ananitangazia mbele ya wauguzi.

Shangazi, unajua mimi si mtu wa madhabahu. Picha ya Shiva uliyonipa nilipoondoka ilikaa kwenye boksi la viatu miaka saba. Nimeitoa. Ipo juu ya kabati la hospitali, na kila asubuhi Chiriku anaweka ua moja linalotoka kwa muuzaji wa pale getini. Mimi nasimama nyuma yake kama mgeni asiyejua akae wapi. Lakini maua yako tisa nayahesabu. Nikiamka nasema: sasa hivi anachuma. Nikinywa chai nasema: ameshaweka. Sijui ninaamini nini, ila nakuomba, usiache hata siku moja.

Mwanao


14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Leo ni siku ya thelathini na moja, na maua tisa yamewekwa. Magoti yamenizoea. Mwambie Chiriku kwamba mtu anayechunguza habari ya ketaki kwa wiki mbili anafaa kuwa hakimu.

Jambo moja dogo, na yeye usimwambie. Vichaka vimeingiwa na wadudu weupe kama pamba iliyochambuliwa. Wanafyonza machipukizi, na tumba zinaanguka kabla ya kufunguka. Naosha kila jani kwa maji ya sabuni, asubuhi na jioni, kama mtu anayeogesha watoto wachanga mia mbili. Kichaka kimoja nimekikata chote ili kisiambukize vingine. Jana yalifunguka kumi, leo tisa kamili. Usiwe na wasiwasi. Nikisema nitaweka tisa, nitaweka tisa.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi nikiwa kwenye benchi la hospitali. Hali si nzuri wala sijui niseme ni mbaya kiasi gani. Daktari akiulizwa anaangalia faili. Chiriku hali chakula. Tulasi ina majani manne.

Humu ndani kuna karatasi yake. Alikuandikia na amenikataza kusoma. Ameikunja mara sita na kuibandika kwa plasta ya vidonda. Nimeapa kwamba sitaifungua, na kiapo nimekitunza.

Endelea, Shangazi.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nadhiri imekamilika. Siku arobaini na nane, kila siku maua tisa, hesabu haikupungua hata moja. Siku ya mwisho nilipeleka hekaluni koja refu kuliko mimi, na kuhani akauliza nani anaoa. Nimemwambia anayeoa ni mjukuu wangu, ameoa afya yake. Kwa hiyo atapona. Nilitoa nilichoahidi, na Mama haachi deni.

Karatasi ya Chiriku nimeipata. Juu yake ameandika kwa penseli: BIBI USIFUNGUE MPAKA NIPONE. Nimeiweka chini ya picha ya Devi, na plasta yake haijaguswa. Wewe niandikie tu neno moja, kwamba amepona, nami nitaifungua siku hiyo hiyo na kumjibu.

Mbona barua zako zinachelewa?

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima na bustani haijambo. Sisi tupo. Mke wangu anakusalimu. Chiriku amelala.

Nina swali, si letu. Hapa jengoni kuna jirani, mtu wa dini yetu, ambaye amefiwa na mtoto. Hana mzee wa kumwuliza. Alikuwa na madhabahu ndogo, na tangu siku ile ameendelea kuweka ua kila asubuhi, kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa akiweka na baba mtu hakuweza kuona mahali pale patupu. Sasa mtu mmoja amemwambia kwamba nyumba yenye msiba haiweki maua, na kwamba amefanya unajisi juu ya msiba. Ameingiwa na hofu. Anataka kujua ni siku ngapi, na kama kosa lake linafutika. Anataka kujua pia kama kulikuwa na kitu alichopaswa kumfanyia mtoto mwishoni kabisa, maana yeye hakufanya kitu. Alimshika mkono tu.

Nimemwambia nina shangazi anayejua. Tafadhali mjibu mapema.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Mpe jirani yako pole. Mwambie nimeketi na swali lake siku tano, kwa sababu nilitaka nijibu vizuri.

Katika ukoo kama wetu nyumba yenye msiba haigusi madhabahu siku kumi na tatu. Taa haiwashwi, ua haliwekwi. Maua yanaachwa mtini yanyauke yenyewe. Lakini mtu ambaye hakujua hana kosa, na ua alilolishika akiwa amechanganyikiwa halihesabiwi dhidi yake. Asihofu tena juu ya hilo.

Kuhusu mwishoni. Desturi ni jani la tulasi na tone la maji mdomoni, kabla pumzi haijakatika. Kama halikuwekwa, halikuwekwa. Mkono wa baba nao ni kitu. Mwambie neno hili kama linatoka kwa mama yake.

Na juu ya mwili wa mtoto mimi ningeweka maua ya parijata, yale yenye vikonyo vya rangi ya chungwa. Wanasema Parijata alikuwa binti mfalme aliyelipenda Jua, Jua likamkataa, akajichoma moto, na mti ukaota kwenye majivu yake. Ndiyo maana maua yake hudondoka yote kabla jua halijachomoza, yasionane nalo. Hilo ndilo ua pekee ambalo tunaruhusiwa kuliokota chini na kumpelekea Mungu. Mengine yote yakianguka yamekataliwa, hilo peke yake linapokelewa likiwa limeanguka. Mwambie jirani yako.

Tangu barua yako ifike sijachuma. Leo ni siku ya tano. Haibiskasi zimenyauka vichakani, na kuhani amekuja mwenyewe kuuliza makoja yako wapi. Nimemwambia nina msiba wa jirani. Nitahesabu mpaka kumi na tatu.

Mwambie jirani yako kwamba shangazi yake ameshajua, na anamngoja aseme mwenyewe.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeumbuka. Hakuna jirani. Hapa jengoni hata sijui nani anakaa mlango wa pili.

Chiriku ametutoka. Ilikuwa mchana, saa saba, jua limejaa chumbani, na wauguzi walikuwa wakicheka kwenye korido kwa sababu yao wenyewe. Mama yake alikuwa ameshuka kuchukua maji. Aliniambia, “Baba, nimechoka kuongea.” Nikamwambia apumzike, ataongea kesho. Kopo la tulasi lilikuwa dirishani, Shangazi. Ningenyoosha mkono tu ningelifikia. Majani manne! Sikujua. Nimesoma barua yako nikaenda kuliangalia lile kopo, nikayahesabu tena.

Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ulikuwa unachuma. Nilijua kwamba nikisema utaacha, na mimi nilitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo mtu bado anamchumia Chiriku maua kama mtu aliye hai. Kisha ikaja ile barua yako ya furaha. Niliisoma kazini, nimeshika mfano wa plasta wa taya la mtu mwingine.

Sasa niambie wewe unayejua. Umeweka tisa mara arobaini na nane. Hukukosa hata moja. Kama hesabu ilitimia na mtoto akaondoka, basi yale maua yalikuwa mboga tu. Picha nimeirudisha kwenye boksi la viatu. Sina haja na Mungu anayepokea mzigo wote na kufunga mlango.

Mke wangu amerudi kwao. Hatukugombana. Alisema tu kwamba hapa ndani kuna ukimya.

Mwanao


4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii sina salamu za kuizungusha.

Usimlaumu Mungu kwa hesabu, kwa sababu hesabu haikutimia. Nilikudanganya.

Siku ya thelathini na tatu, tarehe 16 Februari, yalifunguka manane. Nilipita vichaka vyote kwa tochi, nikafunua kila jani. La tisa lilikuwa tumba, limeliwa shingo na wale wadudu, likanidondokea mkononi nilipoligusa. Mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Upande wa pili wa uzio haibiskasi ya Mwalimu ilikuwa imefunguka yote, imeinamia kwangu, nyekundu tupu. Na Mwalimu mwenyewe alikuwepo, amesimama kizingitini anapiga mswaki. Hatua kumi, mwanangu. Nilichotakiwa kusema ni “Mwalimu, naomba ua moja.” Maneno manne. Nilifungua kinywa. Nikaiona ile nguzo. Nikasema moyoni, miaka sita sijamwomba mtu huyu hata moto, leo ndiyo nianze? Akageuka kusukutua. Nikanyoosha mkono nikalikwanyua.

Niliyaweka yote tisa. Nilijua ninafanya nini. Nilijiambia kwamba Mama hataona, kama mtoto anayefumba macho akidhani amejificha. Na baada ya hapo nikawa nakuandikia kwa sauti kubwa, maana mwenye hatia hupenda kupiga kelele.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Mwalimu. Nilimweleza yote, nimesimama hapo kwake kizingitini. Alisema, “Ua moja tu, mama? Kwa ajili ya mtoto? Ungeniomba ningekukatia mti mzima.” Akalia, mzee wa watu. Akaniletea ndoo imejaa. Niliiacha getini mpaka maua yakaoza ndani ya maji.

Ninaomba kitu kimoja. Niambie tarehe. Barua zako zote hazisemi ni siku gani, na ile ya benchi la hospitali sijui tena kama niiamini. Kama Chiriku aliondoka kabla ya tarehe 16, basi ilikuwa imeshaamuliwa, na wizi wangu ni wizi tu, nitaubeba. Kama ni baada, niambie vile vile. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, sijawahi kukuomba kitu. Usinihurumie. Niambie kweli.

Shangazi yako


23 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako na ninakujibu siku hiyo hiyo ili usiteseke.

Ilikuwa tarehe 12 Februari. Siku ya ishirini na tisa ya nadhiri yako. Siku nne kabla ya lile ua. Barua yangu ya tarehe 20, ile ya benchi la hospitali, niliitunga. Chiriku alikuwa ameshaondoka, na nilikuwa nimekwenda kuchukua vitu vyake. Karatasi yake ile aliiandika siku nyingi nyuma na mimi nilichelewa kuituma. Kwa hiyo unaona. Tarehe 12, saa saba mchana. Daktari ameandika hivyo, mke wangu naye atakuambia hivyo.

Mikono yako ni safi. Ulimchumia siku ishirini na tisa bila dosari, na zaidi ya hapo ulimchumia mtu aliyekwisha kupumzika. Chuma maua, Shangazi. Peleka makoja hekaluni. Mwalimu msalimu. Kopo la tulasi ninalo, naliwekea maji kila siku. Sijui kwa nini.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako ilifika asubuhi. Tarehe 12. Niliisoma mara tatu, nikalia kilio ambacho kilikuwa kimenikwama tangu mwezi wa tatu, na baada yake nikasikia njaa. Nikala. Nikaoga. Nikawasha taa ya madhabahu, nikatoka bustanini, nikachuma haibiskasi tano, na Mwalimu akanipungia mkono nami nikampungia. Nilikuwa mtu mwepesi kwa muda wa, sijui, saa nzima.

Nikasema sasa nitaifungua karatasi yake. Alitaka niifungue akipona, na hatapona tena, kwa hiyo hakuna siku nyingine ninayoingoja. Nilitaka kuwa naye kidogo nikiwa na mikono safi. Nilibandua plasta polepole isichane. Nakunakilia kama alivyoandika.

“Tarehe 17 Februari. Bibi, sasa nimepona ndiyo maana unasoma. Jana nilitembea mpaka dirishani peke yangu nikamwagilia tulasi. Leo miguu imekataa lakini Baba anasema kesho. Bibi nimemaliza kufikiria ketaki. Alikuwa anaanguka. Mtu anayeanguka akiombwa kitu anakubali tu, hana nafasi ya kufikiri. Shiva alikuwa amesimama ndiyo maana hakujua. Nikija kwako nitamchuma na kumpeleka mimi kwa Shiva, nimwombee msamaha. Usimwambie Baba atasema naongea sana.”

Tarehe ameiandika juu kabisa, kulia, na kuipigia mstari kwa rula. Shule gani iliyomfundisha vizuri namna hiyo!

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako ilikuwa na urefu wa karatasi iliyokunjwa mara sita. Sikukasirika. Nilikwambia usinihurumie, lakini wewe umekua mikononi mwangu, ulisikia nilichokuwa naomba kweli. Nami sasa najua. Alfajiri ya tarehe 16 niliweka ua la wizi. Siku hiyo hiyo alitembea mpaka dirishani. Siku ya pili yake miguu ikakataa. Usiniandikie kunibishia. Huenda wewe una haki, na huenda damu yake ilikuwa imeshaamua, na huenda ua ni ua tu. Mimi nimetunga makoja miaka hamsini na siwezi leo kuanza kuamini kwamba nilikuwa nafunga mboga kwenye uzi.

Nimezima taa. Zile haibiskasi tano nimezitoa. Hekaluni nimewaambia watafute mtu mwingine.

Kabla sijafunga mlango wa chumba cha madhabahu nimefanya jambo moja. Nilikwenda nyuma ya bafu kukata ua la mkadi, nimpelekee Shiva kama Chiriku alivyotaka, nikakuta mkadi haujachanua. Kwa hiyo nimechukua barua yako ya tarehe 23 Mei nikaiweka mbele yake, pale ambapo ketaki haliruhusiwi. Nikamwambia, hili nalo lilikuwa linaanguka, na mimi ndiye niliyeliomba linishuhudie.

Shangazi yako